Maswali ya Wasomaji: Hifadhidata ya Duka Ndani ya Simu

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka pembe mbalimbali za Mombasa zinazungumzia jambo moja, nalo ni namna ya kuhifadhi data ndani ya simu yenyewe na kuiuliza maswali bila kutegemea intaneti. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Barua ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa kuwa inagusa msingi wa kazi nzima.

SWALI: Assalaam aleikum, mhariri. Ninamtengenezea ami yangu programu ya simu ya Android ya kuendeshea duka lake la leso lililoko Biashara Street. Leso zote, bei zake na madeni ya wateja nimeviandika kama maandishi marefu ya JSON (muundo wa kupanga data kama maandishi) ndani ya SharedPreferences. Mwanzoni programu ilikuwa nyepesi, lakini sasa inachelewa kufunguka, na kila ami anapoandika mauzo skrini huganda. Mteja akija na neno moja tu analolikumbuka katika jina la leso, kulitafuta kunachukua muda mrefu. Rafiki yangu ananishauri nihamishie kila kitu kwenye seva. Je, hiyo ndiyo dawa? *Msomaji, Tudor*

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Seva haitaliondoa tatizo lako. Itakuongezea jingine, kwa sababu duka litasimama kila mtandao unapokatika au bando la ami linapokwisha, na mteja aliyekwisha kuichagua leso yake hatakuwa na subira ya kungoja mtandao urudi. Kinachokuchelewesha ni chombo ulichokichagua. SharedPreferences iliundwa kwa ajili ya mapendeleo madogo madogo ya mtumiaji, kama vile lugha ya programu au ukubwa wa herufi. Faili lake husomwa lote na kuwekwa katika memori ya simu, na ukibadilisha jambo moja tu ndani yake huandikwa lote upya. Kwa hiyo ami anapouza jozi moja, simu inaliandika upya duka zima.

Chombo kinachofaa ni SQLite, hifadhidata ndogo ambayo tayari imo ndani ya kila simu ya Android na ya iPhone. D. Richard Hipp aliianzisha mwaka 2000, baada ya kushughulikia programu ya meli ya kivita ya Marekani ambayo ilikuwa haiwezi kufanya kazi pindi seva ya hifadhidata ilipozimika. Alichokitaka ni hifadhidata isiyohitaji seva hata kidogo, bali inayosoma na kuandika faili moja lililoko papo hapo kwenye mashine. Naona historia hiyo inamjibu rafiki yako vizuri kuliko ninavyoweza kumjibu mimi. SQLite haina leseni ya kununua wala ada, na watengenezaji wake wametangaza nia ya kuendelea kuitunza hadi mwaka 2050, jambo ambalo lina uzito kwa mwenye duka anayetaka daftari lake lisomeke hata baada ya simu kubadilishwa mara nyingi. Kwa programu ya Android ninakushauri uitumie kupitia maktaba ya Room, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa wa kuitumia SQLite, kwa kuwa huyakagua maswali yako ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, wakati wa kuijenga programu, kabla haijamfikia ami, na hukataa kuuliza hifadhidata katika uzi mkuu unaochora skrini. Kule kuganda unakokulalamikia kunatokana na kazi nzito kufanywa katika uzi huo.

Hata hivyo, usiunde jedwali hata moja kabla ya kuketi dukani na kuandika maswali ambayo ami na wateja wake huuliza. Leso hii zimebaki jozi ngapi? Mama fulani wa Kisauni anadaiwa kiasi gani, na mara ya mwisho alilipa lini? Ni leso zipi ambazo hazijauzwa tangu Idi? Wiki hii tumeingiza shilingi ngapi? Kasoro nyingi ninazoziona katika programu za vijana wetu hutokana na kuunda majedwali kwa kufuata sura ya skrini, kila skrini na jedwali lake, kisha mwenye duka anapouliza jambo ambalo halikuchorwa, data haiwezi kumjibu. Majedwali yatoke katika maswali. Ukiyasoma maswali hayo ya ami utaona kwamba yanataka jedwali la leso, la wateja, la mauzo, la malipo, na la mzigo unaoingia, na kila safu ya mauzo ibebe namba ya leso na namba ya mteja badala ya kurudia majina yao. Kumbuka pia kwamba SQLite haikagui uhusiano huo wa namba mpaka uiamuru. Ukiutangaza uhusiano katika Room, maktaba hiyo itaiwashia amri hiyo, lakini ukitumia SQLite moja kwa moja itakubidi uiwashe kila unapofungua hifadhidata.

Deni la mteja usilihifadhi kama tarakimu moja inayobadilishwa kila mara. Lihesabu kutoka katika mauzo ya mkopo ukitoa malipo. Siku mteja atakaposema kwamba alikwisha kulipa, ami ataweza kumwonyesha kila tukio na tarehe yake, wala hawatabishania tarakimu isiyo na historia. Hivyo hivyo idadi ya leso zilizobaki itokane na zilizoingia ukitoa zilizouzwa. Mzigo ukija kwa korija, programu izidishe kwa ishirini wakati wa kuandika, ili ndani ya jedwali kuwe na kipimo kimoja tu. Bei ziandike kwa senti na kama namba kamili, kwa maana namba za desimali katika tarakilishi haziwezi kuwakilisha sehemu nyingi za kumi kwa ukamilifu, na hitilafu ndogo hujumlika. Na pale uuzaji mmoja unapogusa majedwali mawili, kwa mfano mteja akilipa nusu na kukopa nusu, uandishi wote uufunge katika muamala mmoja wa hifadhidata, ili simu ikizimika katikati ama yote yawe yameandikwa ama lisiwepo hata moja.

Kuhusu kasi, ongeza faharasa kwenye safuwima unazozitumia kuchuja, kama vile namba ya mteja na wakati wa mauzo. Bila faharasa SQLite hulazimika kupitia kila safu, kama mtu anayefungua kila robota ghalani akitafuta leso moja. Unaweza kuthibitisha kwa kutanguliza maneno EXPLAIN QUERY PLAN mbele ya swali lako: jibu likianza na SCAN inapitia jedwali zima, na likianza na SEARCH inaruka moja kwa moja hadi panapohitajika. Usiweke faharasa kila mahali, kwa sababu kila moja inabidi isahihishwe kila unapoandika.

Kutafuta neno lililo katikati ya jina la leso ni jambo la pekee. Ukitumia LIKE, neno la SQL la kutafuta maandishi yanayofanana, yenye alama ya asilimia mwanzoni, faharasa ya kawaida haiwezi kusaidia. Room inakuwezesha kutumia FTS4, ambayo huorodhesha kila neno lililomo ndani ya maandishi. Mteja akikumbuka neno «mwenyeji» peke yake, leso yenye jina «Mgeni njoo, mwenyeji apone» itapatikana mara moja, na hata akiandika «mweny» ukaongezea nyota mwishoni, itapatikana vilevile. Ila zingatia kwamba utafutaji huu unakubali neno lililokatwa mwishoni, haukubali lililokatwa mwanzoni, ilhali lugha yetu hubadilisha maneno kwa mbele. Anayeandika «wageni» hataipata leso yenye «mgeni». Suluhisho ninaloliamini ni kuongeza safuwima ya maneno ya kutafutia, ambamo ami mwenyewe ataandika maumbo mengine, rangi na michoro, kwa sababu wateja wengi huikumbuka leso kwa michoro yake ya korosho kabla ya kulikumbuka jina lake.

SWALI: Mhariri, programu yangu ya bucha inafanya kazi vizuri, lakini nikiandika «nyama ya ng'ombe» inaanguka papo hapo. Nikiandika «mbuzi» haina neno. Nimekagua simu na haina kasoro. *Msomaji, Kongowea*

JIBU: Kasoro iko katika jinsi unavyoliunda swali la SQL. Bila shaka unaunganisha maandishi ya mtumiaji na amri kwa alama ya kujumlisha. Katika SQL maandishi hufungwa kwa alama ileile ya juu iliyoko katika «ng'», kwa hiyo hifadhidata inapofika hapo inadhani neno limekwisha, na herufi zinazofuata inazichukua kama amri isiyoeleweka. Andika alama ya kuuliza mahali pa thamani, kisha ipeleke thamani yenyewe kando kama kigezo. Ukitumia Room, jina la kigezo likitanguliwa na nukta mbili linafanya kazi hiyohiyo. Rekebisha kila mahali, wala usiishie kwenye ng'ombe, kwa sababu mlango uliouacha wazi unamwezesha mtu mwenye nia mbaya kuigeuza maana ya amri yako kwa maneno anayoyaandika ndani ya kisanduku cha jina la bidhaa.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi na mke wangu tunauza viazi karai na mishikaki Majengo, na mwezi wa Ramadhani hufungua mpaka wakati wa daku. Mpwa wangu alitutengenezea programu ya hesabu, nayo inahifadhi kila kitu simuni. Kila usiku mauzo ya baada ya saa sita huingia katika siku iliyotangulia, lakini ikipita saa tisa huingia katika siku mpya. Usiku mmoja unagawanyika mara mbili na hesabu hazilingani na pesa zilizomo kwenye kopo. *Msomaji, Majengo*

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wetu. Tafadhali msomee mpwa wako jibu hili. Mpaka huo wa saa tisa usiku unafichua chanzo chenyewe. Kenya iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa ya UTC, na SQLite inapoombwa tarehe bila maelezo zaidi hujibu kwa UTC. Huku kwetu ikiwa ni saa saba usiku wa kuamkia Jumanne, kwa UTC bado ni Jumatatu, saa nne usiku. Siku ya UTC hugeuka tunapofika saa tisa usiku.

Mpwa asibadilishe namna ya kuhifadhi. Ni vyema wakati uhifadhiwe kama namba ya sekunde au milisekunde kwa UTC, kwa kuwa SQLite haina aina maalumu ya data kwa tarehe, na namba hupangika na kulinganishwa bila utata. Asihifadhi kamwe maandishi kama «saa mbili», ambayo hayasemi ni ya usiku au ya asubuhi na hayawezi kupangwa kwa mfuatano. Saa zetu za Kiswahili zitungwe wakati wa kuonyesha kwenye skrini tu.

Kinachopaswa kubadilika ni swali. Badala ya kuigeuza kila rekodi kuwa tarehe na kisha kuilinganisha na ya leo, programu itafute kwanza mwanzo na mwisho wa siku kwa kutumia ukanda wa saa wa Africa/Nairobi, izigeuze nyakati hizo mbili kuwa UTC, kisha iulize mauzo ambayo wakati wake ni sawa na mwanzo au baada yake, na ni kabla ya mwisho. Njia hii ina faida ya pili, kwani unapoipitisha safuwima katika kazi ya kugeuza tarehe, faharasa ya kawaida ya safuwima hiyo haitumiki, lakini ukilinganisha namba kwa namba inatumika. Ninapendekeza ukanda wa Nairobi utajwe waziwazi badala ya kufuata mpangilio wa simu, kwa sababu kibanda chenu kiko hapa hata kama simu ilinunuliwa ikiwa na saa ya Dubai.

Limebaki jambo ambalo mpwa hawezi kuliamua peke yake. Kwa biashara yenu, siku inaanza lini? Kwa tarakilishi inaanza saa sita usiku, kwa desturi yetu usiku hutangulia mchana wake, na kwa hesabu ya kopo la pesa usiku mzima wa kuuza ni kitu kimoja. Mimi ningeuweka mpaka saa kumi na mbili asubuhi, mnapokuwa mmefunga na kuhesabu, na ningeuacha mpaka huo uwe mpangilio ambao ninyi wenyewe mnaweza kuubadilisha Ramadhani ikiisha.

SWALI: Ndugu mhariri, niliweka katika programu yangu ya duka la vifaa vya ujenzi kitufe kinachonakili faili la hifadhidata na kulituma kwa WhatsApp kila Ijumaa. Simu iliponiponyoka baharini kwenye feri, nilirudisha nakala ya mwisho katika simu mpya, nikakuta mauzo ya siku kadhaa kabla ya Ijumaa hiyo hayamo. Yamekwenda wapi? *Msomaji, Likoni*

JIBU: Pole sana kwa hasara hiyo. Tangu toleo la 3.7.0 la mwaka 2010, SQLite ina utaratibu unaoitwa WAL, na Room huutumia yenyewe katika simu nyingi. Chini ya utaratibu huu maandishi mapya hayaingii mara moja katika faili kuu, bali hukaa kwanza katika faili la pembeni ambalo jina lake huishia na «-wal», kisha huhamishwa baadaye. Ni utaratibu mzuri, kwa kuwa anayesoma hamzuii anayeandika. Kitufe chako kilinakili faili kuu peke yake, na mauzo ya mwisho yalikuwa bado katika lile la pembeni, lililozama pamoja na simu.

Kabla ya kunakili, programu itoe amri ya PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE), ihakikishe imefaulu, kisha ifunge hifadhidata ndipo inakili. SQLite ya toleo la 3.27 la mwaka 2019 na zaidi ina amri ya VACUUM INTO, ambayo hutoa nakala kamili katika faili jipya hata hifadhidata ikiwa wazi, ila simu za zamani hazina toleo hilo. Baada ya kunakili, ifungue nakala na uiulize ni lini mauzo ya mwisho yaliandikwa. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiitegemee.

Kuna neno jingine ambalo hukuliuliza. Ukituma faili hilo kwa WhatsApp unatuma pia majina, namba za simu na madeni ya watu wa Likoni, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uzilinde. Isimbe nakala kwa nenosiri, yaani igeuze isomeke na mwenye nenosiri tu, kabla haijatoka simuni. Maktaba ya SQLCipher inaweza kuisimba hifadhidata nzima kwa AES ya biti 256.

SWALI: Mhariri, nimetengeneza programu ya madereva wa tuktuk ya kuandika mafuta, hesabu ya tajiri na faida ya siku. Nilipoongeza sehemu ya matengenezo na kutoa toleo jipya, madereva walifungua programu wakakuta ni tupu. Wananipigia simu tangu asubuhi. Data inaweza kurudi? *Msomaji, Kisauni*

JIBU: Uwezekano ni mdogo, ndugu yangu, na ni vyema uwaambie madereva hivyo leo, kuliko kuwaacha wakisubiri. Itafute katika msimbo wako kazi inayoitwa fallbackToDestructiveMigration. Ulipobadilisha majedwali, Room iliona kwamba namba ya toleo la hifadhidata iliyoko simuni ni ya zamani, ikatafuta maelekezo ya kuihamisha, haikuyapata, na kwa kuwa uliiruhusu ilifuta majedwali yote na kuanza upya. Mifano mingi ya mafunzo huweka mstari huo ili kumrahisishia mwanafunzi kazi, na mwanafunzi huondoka nao hadi katika simu za watu. Kwa maoni yangu haufai kabisa katika programu inayobeba hesabu za riziki. Uondoe sasa. Ni afadhali programu ikatae kufunguka, data ikiwa ingali simuni, kuliko ifunguke ikiwa imeifuta.

Kwa kila badiliko la majedwali andika maelekezo ya kuhama kutoka toleo hadi toleo: la 1 kwenda la 2, la 2 kwenda la 3, pasi na kuacha pengo, kwa sababu wapo madereva ambao hukaa muda mrefu bila kusasisha programu ili kuokoa bando. Kuongeza jedwali au safuwima ni amri moja. Kuondoa safuwima ni kazi zaidi, kwa kuwa SQLite ilianza kuikubali amri hiyo katika toleo la 3.35 la mwaka 2021, na simu nyingi za madereva zina toleo la zamani zaidi. Hapo huna budi kuunda jedwali jipya, kunakili data, kufuta la zamani, na kulipa jipya jina lake, yote ndani ya muamala mmoja. Iamuru Room ihifadhi muundo wa kila toleo katika faili, kisha utumie MigrationTestHelper kuijaribu safari nzima kuanzia toleo la kwanza ukiwa na data ya kweli ndani yake.

Kwa wale waliokwisha kupoteza, angalia kwanza kama nakala ya akiba ya Android ilikuwa imewashwa, maana huhifadhi hadi megabaiti 25 za kila programu katika akaunti ya Google ya mwenye simu. Nakala hiyo hurudishwa programu inaposakinishwa upya, lakini huenda imekwisha kufunikwa na ile tupu, kwa hiyo usimwambie dereva yeyote aiondoe programu kabla hujajaribu kwa simu moja. Kwa waliosalia, ongeza skrini ya salio la kuanzia, ambamo dereva ataandika jumla anayoikumbuka au iliyoko katika daftari la tajiri, na salio hilo liingie kama rekodi moja yenye tarehe ya leo na maelezo kwamba liliandikwa kwa mkono.